Ile Namba Ilikuwa ya Nani

Maitu,

Umeenda kusukwa nywele, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, maana yule dada wa saluni ana maneno mengi kuliko meno ya chanuo lake. Nina saa nne za kuandika. Begi lako liko mlangoni. Limefungwa, limefunguliwa, limefungwa tena. Blanketi tatu kwa mtu anayeenda Kisumu! Basi, sitasema kitu. Shangazi zako wamekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha na wavulana na kanisa, na yaliyobaki watakuambia kesho asubuhi kwenye stendi mbele ya watu. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu namba.

7368787.

Najua umetabasamu. Hiyo ni Namba ya Baba, umeijua tangu ukiwa mdogo, uliiandika hata kwa chaki kwenye mlango wa choo. Ukimaliza kusoma barua hii hutaitabasamia tena, na kosa hilo ni langu, wala si la namba.

Ulikuwa na miaka kumi ulipovuta kiti ukakaa kando yangu mezani, Jumapili moja baada ya ibada, ukaniuliza naandika nini. Nilikuwa naigawanya kwa saba, ikabaki sita. Nikakuambia natafuta namba inayoweza kuigawanya hii bila kubakisha kitu. Ukasema, "Si utumie simu tu, Baba?" Nikakujibu kwamba simu haina adabu, inatoa jibu kabla mtu hajaliomba vizuri. Ukachukua penseli. Kwa kumi na moja ikabaki nane. Kwa kumi na tatu ikabaki kumi. Kwa kumi na saba ikabaki moja. Kwa ishirini na tatu ikabaki moja tena, ukapiga meza: "Aki Baba, hii namba inatuchezea!"

Tuliendelea hivyo karibu miaka mitatu, mbili au tatu kila Jumapili, kwenye kurasa zilizobaki za madaftari yako ya zamani. Nilikueleza kwamba si lazima tuzunguke dunia nzima. Tukijaribu namba zote zisizogawanyika hadi 2713 na hakuna hata moja iliyoipasua, basi haipasuki, kwa sababu inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inaipita yetu. Zilikuwa mia tatu tisini na sita. Siku tuliyofika 2713, ikaingia mara 2716, ikabaki 279, ukacheza kuzunguka meza na kijiko mkononi. Mimi nilikaa. Ulidhani nimechoka.

Uliniuliza mara nyingi, "Lakini hii namba ni ya nini, Baba?" Nikakuambia ni ya tiketi ya zamani. Huo ulikuwa uongo wa kwanza kati ya ule nitakaoutaja leo, na ndio mdogo kuliko yote.

Halafu ukapewa kamusi ya zawadi, darasa la saba. Ulitafuta kila neno unalolijua ili uone kama kamusi nayo inalijua. Tukiwa mezani ukainua kichwa ukasema kwa furaha, "Baba! Prime kwa Kiswahili ni namba tasa! Namba yetu ni tasa!" Niliinuka nikaacha chakula, nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuku mpaka giza likaanza kuingia. Ulinifuata na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, ukasema, "Pole Baba, nimesema nini?" Nikasema hakuna. Miaka sita umebeba lile swali, na hukuwa umekosea neno hata moja.

Kwa Kikuyu tunasema thata. Mama yangu, huyo uliyerithi jina lake hata nikakuita Maitu, yaani mama, alimwita mama yako hivyo kwa miaka saba. Hakumwita usoni, maana alikuwa mtu wa kanisa. Alikuwa anawaambia kuku. Mama yako Njeri akiwa anaosha vyombo uani, mama yangu alimshika kuku mmoja na kusema, "Huyu ni thata, anakula mahindi ya bure, achinjwe." Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nikisoma gazeti. Gazeti lile nililisoma miaka saba, Maitu, na wala sikumbuki habari hata moja.

Ulipozaliwa, desturi ikataka uitwe Wairimu kama mama yangu. Nilimuuliza mama yako kama haimuumi. Akasema, "Acha aitwe hivyo. Kila nikimwita nitakuwa namwita mamako aje aone." Alikuwa na ulimi mkali mama yako. Watu wamekusimulia upole wake tu, kwa sababu marehemu hupewa upole hata kama hakuwa nao.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, ile unayoenda kuisomea.

Unajua nilifanya kazi ya kupokea vipimo kwenye maabara ya hospitali moja ndogo hapa Thika. Ilifungwa siku nyingi, jengo lake sasa linauza makochi. Sikuwa mtaalamu. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa vilitiwa ndani ya chupa, chupa zikabandikwa stika za namba, mimi nikaingiza jina na namba kwenye rejista, chupa zikapelekwa Nairobi kuangaliwa. Matokeo yalirudi kwa namba, nami nikayaandika mbele ya jina. Kila mtu alijua kwamba rejista ya Kamande haina kosa. Niliringa, nakiri. Niliringa kwa sababu ya tisa.

Kule Ngoliba shuleni tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetembea na fimbo na redio. Alitufundisha kutupa tisa. Unajumlisha tarakimu za namba, unaendelea kujumlisha mpaka ibaki tarakimu moja, na ukipata tisa unaitupa. Ukinakili namba na ukataka kujua kama umekosea, fanya hivyo kwa ile ya kwanza na ile uliyonakili. Zisipolingana, kuna kosa. Darasa zima lilisinzia isipokuwa mimi. Alisema, "Tisa haimfichi mwizi," nami nikaondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa shamba. Nikayatumia kazini miaka kumi na minne. Niliandika baki la kila namba kwa penseli kando ya jina kwenye karatasi ya nesi, kisha nikafanya tena kwenye rejista, nikalinganisha jina kwa jina. Nilinasa makosa mengi hivyo. Daktari mmoja aliniita profesa.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipoanza kutokwa damu isiyo na mpango. Nilimleta hospitalini kwetu, akakatwa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi. Mchana ule nesi akaniletea trei yenye chupa kumi, na karatasi yenye majina kumi na namba kumi, zikifuatana kuanzia 7368778 hadi 7368787. Kwenye chupa kulikuwa na namba peke yake. Uongozi ulitaka hivyo kwa kuwastahi kina mama, maana ugonjwa wa sehemu zile una maneno mengi mtaani, na dereva wetu hakuwa mtu wa kufunga mdomo.

Jina la mama yako lilikuwa la mwisho, 7368787. Nilipoona hivyo sikupendezwa. Mke wa mtu wa maabara awe wa mwisho? Nikalipandisha nikaliandika mstari wa kwanza wa rejista, na mwanamke aliyekuwa wa kwanza nikamshusha hadi mstari wa kumi. Haikuwa na faida yoyote. Chupa zote ziliingia sanduku moja, zikapanda gari moja, zikafika saa moja. Nilitaka tu wetu awe mbele. Unatujua sisi: hata kwenye foleni ya ubatizo tunatafuta nani tunayemjua pale mbele.

Majina niliyabadilisha, lakini mkono ulikuwa umezoea kuandika namba kwa mfuatano. Mstari wa kwanza nikaandika 7368778, kama mkono ulivyotaka. Mstari wa kumi nikaandika 7368787. Kisha nikatupa tisa, jina kwa jina. Karatasi ya nesi, mama yako: saba na tatu na sita na nane na saba na nane na saba, arobaini na sita, kumi, moja. Rejista, mama yako: arobaini na sita, kumi, moja. Nikatia alama ya vema. Yule mwanamke mwingine: moja, na moja. Vema. Nikafunga rejista nikaenda kunywa chai.

Umeshaona, wewe una akili kuliko mimi. Tarakimu ni zilezile, zimepinduliwa tu, na namba mbili zenye tarakimu zilezile hutofautiana kwa kitu kinachogawanyika kwa tisa. Themanini na saba toa sabini na nane ni tisa. Tisa ndiyo niliyokuwa nikiitupa. Angekuwa wa tisa kwenye ile trei, jumla ingekuwa arobaini na tano, baki lisingelingana, ningeona. Angekuwa wa nane, wa tano, wa pili, ningeona. Kati ya watu tisa ambao ningeweza kuwabadilisha na yule wa kwanza, mmoja tu ndiye ambaye kipimo changu hakingemwona, naye alikuwa mke wangu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi, na bado likija huwa natafuta mahali pa kushika.

Matokeo yalirudi baada ya wiki tatu. 7368778, hakuna kitu. 7368787, kansa, bado changa, inatibika. Nikaandika mbele ya majina kwa mwandiko wangu mzuri.

Tulitoa shukrani kanisani, mama yako akasimama mbele na kitambaa kipya. Baadaye nikawapeleka Chania, kwenye ile hoteli ya zamani, tukanywa soda tukitazama maji yakianguka. Uliimwaga yako kwenye gauni ukalia. Hapo ndipo aliponiambia.

"Lakini Baba Wairimu, damu haijaacha."

"Si umeona karatasi? Namba haidanganyi. Wewe ndio unajitisha."

"Nimeona. Lakini mwili ni wangu, na unaniambia kitu kingine."

"Njeri, please. Tumeshukuru Mungu mbele ya watu. Sasa unataka turudi tumwambie nini?"

Akakufuta gauni kwa leso yake. Kosa la rejista lingeweza kumpata mtu yeyote, hata mtu mwema. Lakini maneno yale niliyasema mimi, kwa sauti ya mtu anayejua, na aliponiambia tena baada ya miezi mitatu niliyarudia, na baada ya sita nikakasirika. Ukiniuliza ni kipi kilichomuua mama yako, sitakuambia ni namba. Namba ilimchelewesha wiki chache. Mimi ndiye niliyemchelewesha miezi kumi na minne.

Alipoanguka jikoni alikatwa kinyama mara ya pili. Mengine unayakumbuka. Ulikuwa ukimsomea kitabu chako cha darasa la pili, naye alikuwa akikusahihisha huku amefumba macho. Tulimzika Ngoliba, na ule udongo mkavu ulikuwa ukiwapa shida wachimbaji.

Siku chache kabla hajafa, daktari alikuwa ameniuliza, bila kunishuku, "Kwani matokeo ya kwanza yalisema nini?" Nikaenda kwenye kabati la makaratasi ya zamani. Karatasi ya nesi ilikuwepo, na zile moja moja zangu za penseli zilikuwepo kando ya majina. Nikaiweka juu ya rejista. Majina mawili yalikuwa yamebadilishana namba. Kisha nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya shati, nikarudi nyumbani kukaa na mama yako. Alinishika mkono akaniambia nimekonda. Sikumwambia. Amekufa bila kujua, na sikuwahi hata kumwomba radhi ya kumkemea pale Chania.

Karatasi niliificha nyuma ya picha yetu ya harusi. Umeipangusa vumbi picha ile kila Jumamosi tangu ukiwa na kimo cha kuifikia.

Watu walisema nimeacha kazi kwa uchungu wa mke, nikawaacha waseme. Nikaenda kuhesabu magunia ya chakula cha ng'ombe, kazi ambayo ukikosea ng'ombe anakula kidogo au anakula sana, basi. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako: nikishtakiwa, nani atakulea? Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa mwoga, na mtoto ni mahali pazuri pa kujifichia.

Lakini kulikuwa na yule mwingine. 7368778. Yule niliyemshusha kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Jina lake lilikuwa kwenye rejista, na mtaa wake. Mwaka mmoja baada ya mazishi nilikwenda Ruiru kumtafuta, nikiwa sijui nitasema nini. Nikampata kwenye kibanda cha kushonea karibu na reli, ana futi ya kupimia shingoni. Alikuwa hai, mzima, anacheka na mteja. Akanigeukia: "Nikusaidie, Baba?" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nataka uniform ya mtoto."

Ndiyo, Maitu. Ni Tata Nyambura, huyo unayemwita shangazi.

Ulikuwa ukilalamika kila Januari, "Baba, mbona tunaenda hadi Ruiru na kuna fundi hapa chini tu Makongeni?" Nikasema anashona vizuri. Anashona vizuri kweli. Lakini nilikuwa nakupeleka kama mtu anayepeleka sadaka mahali ambapo hana ujasiri wa kuingia. Nilimwona akikupima mabega, akikuwekea mandazi, akikuita mtoto wangu wa Thika. Hukuwahi kumuuliza kwa nini hana wake. Alikulea vizuri hata katika hilo, hakukuacha ujue kwamba ni swali linalouma.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa mwaka mmoja tu, siku alipoitwa hospitalini haraka akaambiwa ana kansa. Wakamtoa kizazi kizima. Hakikuwa na ugonjwa. Walipomkata hawakuona kitu, wakamwambia amshukuru Mungu, wamewahi mapema, yote imetoka. Mumewe alivumilia miaka miwili kisha akaenda kwa mwingine. Na Nyambura ameshukuru kweli: kila mwaka, siku ya upasuaji wake, amekuwa akipeleka sadaka kanisani kwa ajili ya kuponywa. Alinisimulia mwenyewe, akinimiminia chai. Nikainywa.

Sasa unajua kwa nini niliinuka mezani siku ya kamusi. Namba tasa ilikuwa ya mama yako, aliyeitwa tasa na hakuwa tasa. Yule aliyefanywa tasa namba yake ni shufwa, inagawanyika kwa mbili bila shida. Hata hapo nilikuwa nimezibadilisha.

Kwa nini niliigawanya miaka yote ile? Sijui kama nitalieleza vizuri. Nadhani nilitaka ipasuke. Nilitaka nikute ndani yake kitu, hata kama ni namba nyingine ndogo, nikiambie: kumbe ni wewe. Wewe uliona mchezo, nami nilifurahi kukuona unafurahi, na hiyo furaha nayo ilikuwa wizi.

Kuna hesabu moja niliyoifanya peke yangu, wewe ukiwa shule. Ukitoa moja tu, ikawa 7368786, inavunjika vipande: mbili, tatu, tatu tena, tatu ya tatu, kumi na saba, ishirini na tatu, mia tatu arobaini na tisa. Ndiyo maana kwa kumi na saba na kwa ishirini na tatu ilikuwa inatubakia moja. Ile moja ndogo ndiyo iliyoizuia namba nzima isisambaratike. Nilipoona hivyo nilifunga daftari nikalia, na nilijua nalia kwa ajili ya nani. Nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja wa aina hiyo, naye tulimzika.

Sikukusudia kukuambia. Nikuambie ukweli, nilikusudia kufa nayo. Lakini mwaka jana ukaja na fomu, unachekelea, ukasema umechagua mambo ya maabara. "Kama wewe, Baba, lakini mimi nitakuwa na cheti." Ukaniambia umewasimulia marafiki zako habari za kutupa tisa. Nilikupongeza, nikanunua kuku. Usiku na mchana tangu siku ile nimekuwa nikimwona msichana wangu amekaa mbele ya trei, anatia vema.

Alhamisi nikachukua karatasi nyuma ya picha, nikaenda Ruiru.

"Baba Wairimu! Umekuja mapema, dress bado kidogo. Kaa hapo, naandika jina tu."

"Jina la nini, na si uniform?"

"Nimezoea. Na huko hostel vitu huchanganyika. Ikiwa na jina hakuna mtu atasema ni yake."

Alikuwa na sindano mkononi na uzi wa buluu. Nikakaa kwenye kile kigoda chako. Nikamwambia. Sikupamba, sikulia, nilimwambia kama nilivyokuandikia hapa, nikaweka karatasi mezani juu ya vipande vya kitambaa. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia yote.

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hii ya juu ndio yangu?"

"Ndiyo."

"Na hii ya chini ndio mama ya mtoto."

"Ndiyo."

"So mimi sikuwa na kitu."

"Hukuwa na kitu."

Akatazama nje. Wanafunzi walikuwa wakipita, wengine wamevaa sweta alizoshona yeye.

"Umekuja hapa miaka mingapi?"

"Kumi."

"Ukikunywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Na mtoto anajua?"

"Hapana."

"Jumapili anaenda kusomea hiyo kazi yako, na hajui." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Utamwambia kabla apande gari. Yote. Ukikosa, nitampigia mimi."

Nikamuuliza kama nikuambie usimsumbue tena kwa simu. Hapo ndipo aliponitazama usoni mara ya kwanza. "Mambo yangu na mtoto wewe hujaulizwa." Kisha akaichukua nguo, akainama, akaendelea kushona. Nilisubiri. Alipomaliza akaikunja ndani ya gazeti akanipa. "Hii ni ya mtoto. Wewe usirudi hapa." Karatasi ilibaki kwake. Ni yake, aipeleke popote anapotaka, kwa wakili au kwa polisi, na wakija watanikuta hapa hapa.

Kwa hiyo usifikiri barua hii ni ujasiri wangu. Nimeamrishwa.

Sikuombi unisamehe kesho kwenye stendi mbele ya shangazi zako. Unaweza kupanda gari bila kuniaga, nitawaambia una usingizi. Sikuombi pia uache masomo hayo. Nenda. Lakini kile kipimo ulichowasimulia marafiki zako, waambie kilichobaki: kinaweza kukuonyesha kwamba umekosea, hakiwezi kamwe kukuonyesha kwamba uko sawa. Mimi sikujua tofauti ya mambo hayo mawili, na sasa unajua ilichukua nini. Na mtu akikuambia mwili wake unasema kingine, weka kalamu chini umsikilize, hata kama rejista ni yako na mwandiko ni mzuri.

Nasikia lango. Umerudi mapema, na unacheka na mtu.

Gauni liko juu kabisa kwenye begi, ndani ya gazeti. Ukifika Kisumu, tazama ndani ya kola. Ameandika jina lako kwa mkono. W, A, I, R zimenyooka kama alivyozoea kukushonea tangu ukiwa darasa la nne. I, M, U zimepinda. Hapo katikati ndipo nilipomwambia. Lakini jina alilimaliza.

Baba